Safarini, Hatua Mia Mbili Kutoka Nyumbani

Kabla sijaanza, naweka rehani. Shamba sina, gari sina, na redio yangu inashika stesheni moja tu, ile inayotangaza vifo. Kitu changu cha thamani ni hizi sharubu. Ni nene, ncha zimepinda juu kama pembe za fahali, na hazijaonja wembe kwa miaka thelathini na moja. Naziweka mezani mbele yenu. Mkisoma kisa hiki mpaka mwisho mkakuta uongo, hata wa ukubwa wa punje ya mtama, njooni mninyoe. Sikatai kwamba visa vyangu vingine nimewahi kuvitia chumvi. Kile cha papa aliyepiga saluti nilikitia. Hiki hakikuhitaji, maana kilikaa ufukweni mwaka mzima, chumvi ikajipaka yenyewe.

Nilikuwa mwanamaji kwenye meli ya kupanda ufukweni. Watu hudhani kila meli inaogopa nchi kavu. Yetu ilitengenezwa makusudi iipande. Chini ilikuwa bapa kama sinia, na mbele, badala ya pua iliyochongoka, ilikuwa na milango miwili mikubwa kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Mashavu yakifunguka, daraja la chuma lilishuka mpaka mchangani, na askari na magari wakatokea humo. Daraja lile tuliliita ulimi. Kwa hiyo kazi ya meli, kwa ufupi, ilikuwa kwenda ufukweni, kufungua mdomo, kutoa ulimi, kutema askari, kufunga mdomo, kuondoka.

Hilo la mwisho, kuondoka, ndilo lilikuwa langu mimi.

Ilikuwa hivi. Meli ikiukaribia ufukwe, nahodha hupuliza filimbi, na mtu aliyesimama nyuma kabisa, kwenye tezi, huachia nanga izame kule kwenye kina. Meli huendelea mbele huku ikiacha mnyororo nyuma yake kama buibui anavyoacha uzi. Askari wakishashuka, winchi inauvuta mnyororo ule, na meli inajing'oa mchangani kinyumenyume. Bila nanga ya tezi, meli ya namna ile ni mgeni asiyejua kuaga. Mtu wa nanga ya tezi nilikuwa mimi. Breki ya winchi ilikuwa na magurudumu mawili, la kulegeza na la kukaza, na ilitaka mikono yote miwili muda wote. Ukitoa mmoja tu, inajifunga. Nawaeleza haya ili mjue kwamba kazi yangu haikuwa ya mchezo.

Nahodha wetu alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia kubwa kuliko cheo chake. Alikuwa na tabia ya kuizunguka meli yake kila maji yalipopwa, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kupanga. Hakuwa msemaji. Neno lake kubwa lilikuwa "Ndiyo, Afande," na ndilo lililotuponza.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule, Amirali alitaka kuwaonyesha wageni jinsi tunavyovamia ufukwe. Wageni wangekaa juu, kwenye turubai, penye viti vya mito. Askari wangetoka melini na kupiga gwaride mbele yao. Sasa, askari anayevamia ufukwe kwa kawaida hulowa mpaka mapajani, lakini viatu vya siku ile vilikuwa vimeng'arishwa siku tatu mfululizo. Amri ikaja kwamba meli ipande mchangani mpaka juu kabisa, kiatu hata kimoja kisiguse maji.

Ipande vipi? Kuna bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na katika mwaka kuna bamvua moja ambalo ni baba wa mengine yote, maji yanafika yasikowahi kufika. Kitabu cha kazi yetu kinasema usithubutu kupanda siku hiyo, maana ukinasa hakuna maji makubwa zaidi yatakayokuja kukunasua, labda mwaka mwingine. Amirali akachagua siku hiyo hiyo. Nahodha alikuwa amekisoma kitabu. Akasema, "Ndiyo, Afande."

Jambo la ajabu ni kwamba ufukwe uliochaguliwa ulikuwa wa mtaani kwangu. Nyumba yangu, yenye bati la bluu, ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale lilipopigwa turubai. Baadaye nilizihesabu hatua hizo kwa macho mara nyingi sana. Nilikuwa na ndoa changa, na nilikuwa sijamwona mke wangu kwa miezi miwili.

Saa nne asubuhi tukaja kwa kasi, bendi inapiga, bendera zinapepea. Nikiwa kwenye tezi niligeuka nikaitazama nyumba yangu, nikamwona mke wangu amepanda juu ya ukuta wa ua. Hakupunga mkono. Alinyoosha kidole kujionyesha, kisha akachora hewani, mbele ya tumbo lake, duara kubwa la kuweza kufunika sufuria ya harusi. Akarudia. Jamani, hata mjinga huelewa lugha hiyo! Nikamjibu kwa mikono yote miwili, kama mtu anayefukuza nyuki. Filimbi ilipolia, nanga nikaiachia kama kitabu kinavyosema. Bahati mbaya mchanga wa pale ulikuwa laini kama unga, nanga haikushika. Iliburuzika. Hayo hutokea.

Meli ikapanda juu, ikasimama mita chache tu kutoka kwenye viti vya mito. Mdomo ukafunguka, ulimi ukatoka, askari wakashuka na viatu vikavu kabisa. Wageni walipiga makofi mpaka mgeni mmoja akaangusha miwani. Kisha wakaenda kula. Walipokuwa wanachokonoa meno, maji yalikuwa yameshaondoka. Winchi ikavuta, na nanga ikaja yenyewe, kwa utii, kama mbwa aliyeitwa. Meli haikusogea hata unene wa ukucha.

Watu wakipata shida husema maji yamewafika shingoni. Yetu yalikataa kutufika hata kisiginoni. Kesho yake yalikuja yakalamba tezi, yakarudi. Keshokutwa hayakulamba.

Makao makuu wakaita kwenye redio.

"Mpo wapi?"

"Ufukweni, Afande," akajibu Nahodha.

"Bado?"

"Bado, Afande."

"Kwa hiyo mko bandarini?"

"Hapana, Afande."

Tukasikia karatasi zinapekuliwa. "Nahodha, kanuni inasema meli iko bandarini au iko safarini. Pa tatu hakuna. Bandarini hampo. Basi mko safarini."

"Ndiyo, Afande."

"Haya. Safari njema."

Na kanuni hiyo hiyo ilisema kwamba meli ikiwa safarini hakuna likizo, hakuna ruhusa, hakuna mtu kushuka, isipokuwa kwa operesheni ya kijeshi. Hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu, nikawa nimesafiri.

Tukaishi maisha ya safari. Zamu zilikaa kama kawaida, na kila saa mtu wa zamu aliandika kitabuni alichokiona. Nilikisoma kitabu kile kwa macho yangu: "Saa tatu. Mwendo: sifuri. Bahari: haionekani. Upande wa kushoto: mwanamke mmoja na ndoo, hatua kumi, anaelekea bombani." Kila Jumatano tulifanya zoezi la mtu kuanguka baharini. Mwanamaji aliruka, akafikia mchangani, king'ora kikalia, tukamtupia boya likamgonga kichwani, naye akasimama, akajikung'uta, akazunguka kupanda ngazi akiwa na hasira. Wa tatu aliteguka kifundo cha mguu, na kwenye fomu ya zahanati, mahali pa chanzo cha ajali, wakaandika "kuzama."

Mtaa nao ulituzoea upesi kuliko tulivyopenda. Fundi wa pancha alihamishia kibanda chake kwenye kivuli cha meli. Asubuhi alikaa kulia, alasiri alikuwa kushoto, akifuata kivuli na pampu yake, mpaka sisi tukawa tunasoma saa kwa kumtazama yeye. Wanawake walifunga kamba za kuanikia nguo kutoka kwenye vyuma vyetu hadi kwenye nguzo ya umeme. Mpishi wetu, mtu wa kubishana hata na sufuria, aliinama siku moja kwenye ukingo akafoka, "Nyie akina mama! Hii ni meli ya kivita!"

"Tunajua, baba," mmoja akamjibu. "Ndiyo maana tumeanika chupi upande wa pili. Hatukutaka kuwatisha."

Mwezi wa nne ikaja kamati. Watu watatu wenye viatu vya mjini na futi ya kupimia. Walipima meli, wakapima mchanga, wakapima na umbali kutoka kwa fundi wa pancha. Kisha wakatuita mmoja mmoja. Mimi niliulizwa swali moja nikajibu neno moja.

"Nanga iliburuzika?"

"Iliburuzika."

Wakaandika. Jioni Nahodha alitukusanya akatusomea uamuzi bila kubadilisha sauti. Nanga iliachiwa kwa wakati, lakini Nahodha alichagua mchanga laini. Kosa la nahodha. Bamvua kubwa la mwaka ujao likija meli ikaelea, yataangaliwa. Isipoelea, itakatwa vipande pale pale iuzwe chuma chakavu, na Nahodha atavuliwa sare arudi kwao kama raia.

Akakunja karatasi. Aliitazama meli yake kutoka mbele mpaka nyuma, kisha akatutazama sisi. "Maharage yatapoa," akasema, akaenda zake.

Usiku huo huo tulikula kiapo. Hakuna atakayeshika wembe mpaka meli ielee. Mpaka mwezi wa saba meli nzima ilikuwa kama zizi la mbuzi, na sharubu zangu mimi zilipendeza kuliko za wote. Ndipo nikaitwa Sharubu.

Mke wangu nilizungumza naye kwa kamba ya nguo. Tulipatana tangu wiki ya kwanza, yeye chini, mimi juu, tukipigiana kelele mpaka mtaa mzima ukajua siri zetu. Shuka jeupe, mzima. Blauzi nyekundu, ana hasira na mimi. Taulo la kijani, ana hasira na mimi lakini itapita. Nilishinda na darubini ya jeshi machoni nikisoma uani kwangu. Mama mkwe wangu alipokuja kumwangalia mwanawe, mawasiliano yalikatika wiki nzima. Gauni lake moja likianikwa lilifunika ishara zote.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, kamba ilikuwa tupu. Tupu asubuhi, tupu mchana. Nilikaa na darubini mpaka ikaniachia duara machoni. Kesho yake, saa mbili, mama mkwe akatoka na kitu kidogo cheupe, akakibana katikati ya kamba kwa vibanio viwili. Nepi. Moja.

Nililia kama mtoto mwenyewe. Mpishi alichukua darubini, akatazama, akasema, "Moja tu? Wa kwangu alitumia tisa siku ya kwanza. Labda mmebahatika." Kabla ya jua kutua zilikuwa kumi na mbili.

Nahodha alikuja akasimama karibu yangu. Alitazama ile kamba, akaenda chumbani kwake, na baada ya nusu saa akatoka na karatasi yenye mhuri. Niliishika kwa mikono yangu. Amri ya operesheni. Kikosi: mtu mmoja. Lengo: nyumba yenye bati la bluu. Muda: saa moja. Silaha: sabuni ya kuogea, mche mmoja. Adui: mama mkwe, idadi haijulikani.

Ulimi ulishushwa kwa heshima zote. Mashavu yalifunguka, kutu ikadondoka, wenzangu wakasimama mistari miwili, na mimi nikavamia nchi kavu peke yangu, nikikimbia, huku fundi wa pancha akinipigia saluti kwa spana.

Mama mkwe alinizuia mlangoni. "Nani wewe?"

"Mkweo, mama."

"Mkwe wangu alikuwa na uso." Akanikagua zile sharubu. "Utamtia mtoto homa. Nawa kwanza."

Nikanawa. Nikambeba binti yangu dakika arobaini na moja. Akanishika sharubu ya kushoto hakuiachia, ikabidi mama yake amfungue vidole kimoja kimoja. Kisha nikarudi safarini.

Makao makuu waliisoma ile amri ya operesheni hawakucheka. Ikaongezwa kwenye faili la Nahodha: ulimi ulishushwa bila sababu ya kijeshi.

Zikabaki siku za kuiokoa meli, na kumwokoa na yeye. Tulichimba mchanga kuizunguka, maana kuokoa meli kulihesabiwa operesheni ya kijeshi, na kila tulichochimba upepo ulikirudisha, tukawa tunatwanga maji kwenye kinu. Tukaamua kuipunguza uzito. Tukatoa minyororo ya akiba, vitanda, magodoro, sefu isiyo na kitu ndani, na magunia ya maharage ya mpishi, ambaye aliyaaga moja moja. Tukakwangua rangi. Kila ukaguzi ulimaanisha koti jipya la rangi, na kaguzi zilikuwa nyingi kuliko safari. Tulikuta makoti ishirini na moja. Yalitoka mabamba mazito kama vigae, na nawaapia mtaani kwetu hadi leo kuna mabanda ya kuku yaliyoezekwa kwa rangi ile.

Bamvua lenyewe, kama mnavyojua, hujaa sana na pia hupwa sana. Siku moja kabla ya siku yetu, maji yalikimbia mbali hata bahari ikawa mstari tu. Nahodha akasema, "Sasa tuipeleke nanga kwa miguu." Watu arobaini tuliibeba mabegani kama jeneza la mtu mnene, fundi wa pancha mbele na mipira kumi na sita ya ndani ya magari, imejazwa upepo. Maji yaliporudi tukaifunga nanga kwenye mipira, ikaelea, tukaisukuma tukiogelea mpaka kwenye kina. Pale fundi akatoa msumari akaitoboa mipira yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, huku akisonya. "Kazi yangu ni kuziba," akasema. "Mmeniharibia jina."

Asubuhi ya siku yenyewe mtaa wote ulikuwa ufukweni. Watu wa kukata chuma nao walifika, wakakaa juu ya mitungi yao ya gesi wakinywa chai, hawana haraka. Maji yakapanda. Yakafika tezi, yakafika katikati, yakafika kwenye mashavu, yakasimama. Kiganja kimoja kilipungua. Kiganja tu! Winchi ikaanza kuvuta, mnyororo ukanyooka ukalia kama gitaa.

Mimi nilikuwa kwenye breki. Najua mke wangu alikuwa juu ya ukuta, na mtoto mgongoni na shuka jeupe mkononi, kwa sababu niliambiwa baadaye. Mimi sikugeuka. Nahodha alikuwa amesimama nyuma yangu. Filimbi aliiacha ikining'inia kifuani, akasema tu, taratibu, "Mikono yote miwili, Sharubu." Sikuelewa kwa nini alisisitiza hivyo. Nikashika mikono yote miwili, mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma.

Meli ilitikisika. Ikakohoa. Halafu sote tukaisikia chini ya miguu ile hali ya kuteleza ambayo tulikuwa tumeshaisahau, na vijana sita walioletwa kwetu tukiwa mchangani wakatapika papo hapo, maana walikuwa hawajawahi kuwa kwenye meli inayosogea. Kamba za nguo zilikatika zikatufuata baharini, na hivyo tuliondoka vitani tukiburuta mashuka ya jirani zetu. Wakata chuma walimaliza chai yao.

Meli ikaingia bandarini, safari ikaisha rasmi, tukapewa likizo ya siku saba. Bandari ilikuwa mwendo wa siku mbili kutoka kwangu. Mbili kwenda, mbili kurudi. Mwaka mzima nilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na siku niliyoruhusiwa kwenda nyumbani nililala njiani.

Wenzangu wote walinyoa. Mimi zangu nilizibakisha kama nishani, kwa kuwa nyingine hatukupewa. Nahodha hakuvuliwa sare. Lakini yale maneno, kosa la nahodha, yalibaki kwenye faili, na cheo chake hakikupanda tena mpaka alipostaafu. Alipostaafu alikuja kupanga nyumba mtaani kwetu, ukuta kwa ukuta na mimi. Alisema ndiko anakofahamiana na watu.

Kisa kiliishia hapo. Jana alasiri nikakisoma kwa sauti barazani, mke wangu akikunja nguo, Nahodha akinywa chai. Nilisoma vizuri, nikiigiza sauti. Nilipomaliza nikasubiri makofi.

"Rudia pale pa filimbi," mke wangu akasema.

Nikarudia.

"Baba watoto, una mikono mingapi?"

"Mke wangu, swali gani hilo? Miwili."

"Siku ile mimi niko ukutani, uliniitikia kwa mingapi?"

"Si nimesoma hapo. Yote miwili. Kwa furaha."

"Kweli yote miwili. Nakumbuka nilisema moyoni, huyu ataanguka. Mpaka meli ikasimama ulikuwa bado unapunga." Akakunja taulo, akaliweka juu ya mengine. "Na breki ilitaka mingapi?"

Nilitazama daftari kana kwamba jibu limeandikwa humo, na kwa kweli lilikuwa limeandikwa, mwandiko wangu mwenyewe, ukurasa wa pili. Nikamgeukia Nahodha. "Afande, mwambie shemeji yako habari za ule mchanga. Si ulikuwa laini?"

Nahodha alikoroga chai ambayo nilijua haina sukari. "Ulikuwa laini."

"Umesikia?"

"Nanga ikiburuzika, Sharubu, inalima. Inaacha mtaro kama wa jembe. Maji yalipopwa siku ile niliizunguka meli. Mtaro haukuwepo. Alama ya nanga ilikuwa chini ya tezi, pale pale ilipoangukia, kama kiota cha kuku. Mchanga mwingine wote tambarare, kama hilo shuka."

Mke wangu akaacha kukunja. "Shemeji! Ulijua? Na kamati hukuiambia?"

"Kitabu kilisema tusipande siku ile. Nilikisoma, na nikasema ndiyo, Afande. Makosa yalikuwa mawili, shemeji, na kwenye fomu palikuwa na nafasi ya moja." Akanywa. "Halafu na mimi nilikuwa na darubini. Nilikuona ukutani. Mtu mwenye mtoto njiani ukimfukuza kazi unafukuza watatu. Nikasema, atakuja kusema mwenyewe."

"Na amesema?"

"Nilisubiri. Miaka thelathini na moja. Leo nilidhani ndiyo siku. Alivyoanza na ile rehani ya sharubu nikavuta kiti."

Sijui kama mmewahi kushikwa uongo na mtu asiyekasirika. Ni afadhali kupigwa. Nilitaka kusema ilikuwa dakika moja tu, nilitaka kusema niliiachia ile nanga mara tu nilipousikia mchanga ukikwaruza, na ni kweli, niliiachia, ikaanguka futi kumi na mbili chini ya miguu yangu haina pa kwenda. Mdomo ulifunguka, ulimi ukakataa kutoka.

"Kalamu unayo," mke wangu akasema. "Andika."

Nikaandika barua kwa makao makuu, yeye akisimama begani kwangu kukagua. Nanga ya tezi haikuburuzika. Iliachiwa meli ikiwa imeshasimama, kwa sababu mikono ya mhusika ilikuwa hewani. Kosa la mtu wa tezi. Nikaweka sahihi. Nahodha aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, upande wa kushoto. Alisema ataipeleka posta mwenyewe, asije mtu akasema imeburuzika njiani.

Kisha akaenda kwake akarudi na wembe, brashi na kikombe cha povu. Kwa hiyo msijisumbue kuja, deni limeshalipwa. Nilikalishwa kwenye kigoda pale barazani, taulo la kijani shingoni, Nahodha akininyoa kwa adabu ile ile aliyokuwa akiizungukia meli, mke wangu kanishikia kioo. Sharubu ya kulia ikaanguka, ya kushoto ikafuata, ile aliyoishika binti yangu, na mke wangu akainama akaiokota hiyo moja akaifunga kwenye leso. Halafu akainuka, akanitazama uso ambao hajauona tangu ubibi harusi wake, akatazama tena kwa karibu.

"Kumbe mdomo wenyewe mdogo hivi," akasema. "Uongo wote ule ulikuwa unapitia wapi?"